Mbwa wawili madume, geti moja

Bosi na Duma ni ndugu wa tumbo moja, rotwaila wote wawili na wote madume, wamezaliwa usiku mmoja kwenye stoo ya jumba la Muitaliano kule Casuarina ambako mume wangu alikua mpishi. Saa hii wana miaka sita. Naandika haya manake hapa Muyeye, Malindi, kila baada ya muda kuna mtu anasimama getini ananiambia dada, na mimi nataka nichukue wawili wakue pamoja wasiwe wapweke, na mimi hua nakunja mkono wa nguo nawaonesha mkono wangu wa kushoto, alafu hadithi inakua ndefu na mtu ana haraka zake. Bas leo niiandike yote.

Sisi hatukua watu wa mbwa. Tuliibiwa mara mbili kabla ya Ramadhani mwaka ule, mara ya kwanza mbuzi wawili, mara ya pili pampu ya kisima, wakaikata na mipira yake na sisi tuko ndani tumelala feni inapiga kelele hatusikii kitu. Tajiri wake mume wangu akamwambia mbwa wangu amezaa, chagua mmoja. Jioni nasikia tuktuk nje, mume wangu anashuka na kapu la nazi, ndani mna wawili. Nikamuuliza si ulisema mmoja? Akanambia nimewaona wamelaliana, nikaona huruma kuwatenganisha, wacha wakue pamoja watacheza. Na mimi nikaona kweli. Ile huruma tumekuja kuilipia miaka.

Mama mkwe wangu tunakaa naye, na yeye ni mtu wa swala tano hapitwi na hata moja. Alipoona kapu akanyamaza kwanza, kisha akamwambia mwanawe, "Baba, mbwa?" Hakugomba. Asubuhi akaenda mwenyewe kuuliza kwa shehe, akarudi na masharti. Mbwa wa kulinda hana neno, lakini asivuke kizingiti cha baraza, vyombo vyake viwe mbali na vyetu, na chombo akikilamba au mate yake yakigusa nguo, kioshwe mara saba na mara moja iwe kwa mchanga. Mpaka leo pale bombani kuna ndoo ya mchanga safi na ni yeye mwenyewe anaijaza. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanaficha mbwa nyumbani kwa kuogopa wazee, alafu mbwa anakua hana mpango, leo huku kesho kule. Masharti ya bi mkubwa ndio yalikua mpango wa kwanza kuwahi kuwekwa kwetu, na ningekua na akili ningemwomba aweke na mengine.

Manake mimi nilikua nanunua kila kitu jozi. Bakuli mbili za rangi moja, kola mbili, chakula saa moja mahali pamoja, ukimpapasa huyu lazima umpapase na yule asione wivu. Nilikua nawalea kama mapacha wa binadamu. Mwaka mzima sikuwahi kumtoa mmoja peke yake ila siku moja tu. Walilala kibanda kimoja, walichanjwa siku moja, wakitoka wanatoka wote. Walipofika miezi minane hivi Duma akatambaliwa na kupe akashikwa na homa, akawa hali, fizi zimempauka, tukampakia kwenye tuktuk kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Alilia njia nzima mpaka dereva akaniuliza huyu ameumia wapi. Na kule nyumbani Bosi alichimba chini ya geti mpaka kucha zikatoka damu. Nikasema yarabi angalia wanavyopendana hawa.

Yule daktari ndiye wa kwanza kunishtua. Akanambia mama, hawa hawajui kukaa peke yao, na hawakusikilizi wewe, wanasikilizana wenyewe kwa wenyewe. Waanze kutenganishwa sasa, kila mmoja atembezwe kivyake, afundishwe kivyake, alale kivyake. Akanambia pia madume wawili wa mbegu kubwa wanaweza kukaa vizuri wakiwa wadogo, alafu wakifika mwaka na nusu mpaka miaka mitatu, pale wanapokomaa, mambo yakabadilika, na hawa wakikomaa ni kilo hamsini mmoja. Nikamwitikia. Nikalipa dawa nikaenda zangu. Sikufanya hata moja katika alilosema, kwa sababu nilikua naona amani na macho yangu.

Na kumbe haikua amani. Hapa ndipo nataka mtu asome taratibu.

Tulikua na ndoo ya maji chini ya mwarobaini, ndoo moja kubwa. Walipofika mwaka na miezi kama mitatu Bosi akaanza kulala kando ya ile ndoo. Hafanyi kitu, amelala tu, kidevu chini, macho yamefumbuka nusu. Duma akija na kiu anasimama mbali kama hatua sita, anaangalia pembeni, analamba midomo, anazunguka nyumba yote nzima anaenda kulamba tone tone chini ya bomba la nje. Nilimwona akifanya hivi wiki nyingi. Nikawa nawaambia watu Duma ana adabu, anamheshimu mwenzake. Mbwa ana kiu jua la Malindi la saa saba, analamba tone la bomba, na mimi namsifu adabu!

Yako mengine nilikua nayaona siyajui. Bosi anasimama mlangoni pa kibanda bila kuingia wala kutoka, mwenzake abaki nje. Mmoja anaweka shingo juu ya mabega ya mwenzake na wote wanakakamaa, hawachezi, miguu imekaza, mkia umesimama juu unatikisika kidogo kidogo tena kwa ugumu. Watu wanadhani mkia ukitikisika ni furaha. Si kila mara. Ule wa furaha unatikisa na kiuno na mwili mzima umelegea, ule mwingine ni mkia peke yake na mwili ni kama ubao. Na kimya. Zamani walikua wakicheza wanabweka, wanangurumiana, wanaangushana kelele tele, na mimi nikawa nawakataza kelele. Kelele zilipokwisha ndipo ilikua hatari, na mimi nikashukuru Mungu kwamba wametulia.

Sasa kwetu ua una ukuta pande tatu, upande wa nne ulikua fensi ya waya tu, na nyuma ya ile waya ndio njia ya kwenda msikitini. Alfajiri watu wanapita, mbwa wanaona miguu na kanzu, wanakimbia na fensi huku na huku wanabweka mpaka mtu wa mwisho apite. Tulikua tunaona ndio kazi yao. Daktari alinieleza baadae kwamba mbwa akipandwa na hasira na yule anayemtaka hamfikii, ile hasira haipotei, inamshukia aliye karibu. Na aliye karibu ni ndugu yake, kila alfajiri, siku saba za wiki.

Ilikua mwezi wa pili, kaskazi, joto lile la usiku wa manane hakuna hata upepo. Mbwa koko jike alikua kwenye joto lake anazunguka mtaani na kundi la madume nyuma yake, siku ya tatu ile, na Duma alikua hali chakula, kutwa anatembea tu na ukuta pua juu. Adhana ya alfajiri ikatoka, watu wakaanza kupita, lile kundi la koko likaja nyuma yao mpaka kwenye fensi yetu. Bosi na Duma wakatoka mbio pamoja, wakafika ile kona ya geti pamoja, wakagongana. Bosi akageuka.

Hawakubweka. Mimi nilitoka nje kwa sababu ya kishindo cha geti, nikasikia pumzi tu, pumzi nzito za puani, na mchanga unavyoburuzwa. Bosi alikua amemshika Duma hapa penye bega, karibu na shingo, hatikisi sana, ameshika tu anakaza. Duma amemshika yeye shavu. Nikapiga kelele, nikawapiga na fagio likavunjika, na kila nikizidi kupiga kelele ndio wanazidi kukaza. Mume wangu alishaenda kazini tangu saa kumi. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya na hakuna mtu anayepaswa kufanya, nikatia mkono katikati nimshike Bosi kola.

Aliyeniuma ni Duma. Yule yule niliyekua nikimlisha sima kwa mkono alipougua. Aliachia shavu la mwenzake akashika cha kwanza kilichokuja, na cha kwanza kilikua mkono wangu, kisha nafikiri alijua kwa sababu aliachia hapo hapo. Lakini meno manne yalishaingia.

Jirani yetu mzee mmoja wa Kigiriama ni mgema, saa ile alikua juu ya mnazi anashusha tembo lake, akaona yote. Aliteremka mbio akaruka fensi, akanambia, "Mwanangu, usivute! Ukivuta unachana nyama." Akamuita kijana wangu wa kwanza, alikua na miaka kumi na sita, akamwambia lete ndoo mbili za maji. Wakawamwagia puani na mdomoni, ndoo nzima kwa mpigo, na Bosi alipofungua mdomo kuvuta pumzi mzee akamdaka miguu ya nyuma pale juu penye mapaja, kijana akamdaka Duma vile vile, wakawainua kama mtu anavyoinua wilibaro, wakarudi nao kinyumenyume kila mmoja upande wake huku wanazunguka kidogo, manake ukimvuta ukasimama anageuka anakuuma wewe. Mmoja akatiwa stoo, mwingine akafungwa nyuma ya nyumba. Ilikua kama dakika tatu zote. Yule mzee ujanani alikua na mbwa wengi kule Langobaya, ndio alikojulia. Mungu ampe umri.

Mkono niliuosha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano, kwa saa, damu iende. Hospitali nilichomwa ya pepopunda na wakanianzishia zile za kichaa cha mbwa, ijapokua mbwa wangu wana kadi za chanjo na huchanjwa kila mwaka, na nikaambiwa nimuangalie Duma siku kumi, abaki hai na mzima. Usiseme ni mbwa wangu namjua. Kichaa cha mbwa dalili zikishatoka ndio basi, na sindano ni ya kuwahi.

Duma yeye kwa nje alikua na vitundu vinne tu pale begani, kama punje ya mtama, hata damu ilikua imekauka. Nikajua yeye ndiye aliyepona. Siku ya tatu bega likavimba likawa la moto, hataki kukanyaga. Daktari akamnyoa manyoya, akaminya, usaha ukatoka kikombe kizima. Akanambia jino la mbwa linatoboa padogo juu na kuchana pakubwa chini, ngozi inajifunga na uchafu ndani. Akapaacha wazi patiririke, hakushona. Tangu siku hio mbwa akiumwa na mwenzake sisubiri nione.

Sasa hapa tukafanya kosa la pili, na hili naliona kubwa kuliko la kwanza kwa sababu lile la kwanza hatukujua. Kila mtu mtaani alikua na neno moja, waache wamalizane, atajulikana mkubwa ni nani na fitina itakwisha. Mume wangu naye akaona ni sawa, ni ndugu hawa, watapatana. Bega la Duma lilipopona tukawaachia pamoja. Wakanusana, wakatembea, tukafurahi. Wiki ya tano wakashikana tena kwenye ujia wa tangi la maji, mahali pembamba hapana pa kupishana, na safari hii hakukua na koko wala watu wa msikitini, Duma aliingia kule kufuata kivuli na Bosi alikua ndani anatoka. Kijana wangu akatelezesha ubao wa kitanda kibovu katikati yao, ndio ukawatenganisha, alhamdulillah hakutia mkono. Sikio la Bosi lilipasuka, mpaka leo lina pengo.

Hakuna cha kumalizana. Madume wa ukubwa mmoja, umri mmoja, nguvu moja, hakuna anayemshinda mwenzake akakubali, kila vita inawafundisha kuanza ya pili mapema zaidi. Na sisi tulikua tunaongeza, tunamgombeza Bosi mbele ya Duma, tunambembeleza Duma mbele ya Bosi.

Mume wangu akasema tumpe mtu mmoja. Mimi siwezi kusema hilo ni kosa, na mtu mwenye ua mdogo, au mwenye watoto wa kutambaa, au asiye na mtu mzima nyumbani mchana, naomba afanye hivo hivo, atafute mtu mzuri ampe mmoja mapema, si aibu. Sisi alikuja bwana mmoja kutoka upande wa Mambrui kumtazama Bosi. Akauliza anakula kiasi gani, akauliza anauma kweli, akasema mimi ntamfunga cheni mchana nimfungue usiku awe mkali. Bosi amekaa kando yangu ameegemeza mgongo kwenye goti langu. Mama mkwe wangu alikua barazani na tasbihi yake, akasema bila kugeuka, "Huyo haendi." Ikawa imeisha.

Bas tukakubali kwamba hawatakua marafiki. Hicho ndicho kitu kilichotuponya, tuliacha kutaka wapendane. Tukaanza kutaka tu kila mmoja awe na maisha yake, na wasikutane.

Fundi alikuja na waya ya BRC, ile ya vyuma vilivyochomelewa, tukaugawa ua mara mbili, mbele na nyuma. Si waya moja, ni mbili zimeachana shibiri na nusu, kwa sababu ukiweka moja watapigana pua na meno kwenye waya kutwa. Katikati geti mbili zinazofuatana, unaingia ya kwanza unafunga, ndio unafungua ya pili. Ile pesa ilituuma sana mwezi ule, siwafichi. Lakini kilichosaidia zaidi kilikua rahisi kuliko vyote, makuti. Tulinunua makuti tukaifunika ile fensi ya njia ya msikitini kutoka chini mpaka kifuani, mbwa asione miguu. Alfajiri ya kwanza Bosi alisimama, akasikia viatu vinapita, akabweka mara mbili, akarudi kulala. Nilisimama pale mlangoni na kanga yangu nikalia, nikafikiria kwamba mwaka mzima tungeweza kufanya hivi.

Zamu ni hizi. Mchana mmoja yuko mbele mwingine nyuma, usiku wanabadilishana, ili kila mmoja anuse pote na alinde pote asiseme huku kwangu kule kwako. Kila mmoja na ndoo yake ya maji kwenye kivuli. Chakula, sima na dagaa, au matumbo, au vichwa vya nguru nimevichemsha nikatoa miba yote, kila mmoja kwake bila kumwona mwenzake, na bakuli zinaondolewa wakimaliza, hakuna mfupa unaobaki unagaagaa uani. Tunawapa mara mbili kwa siku kidogo kidogo na hawakimbii baada ya kula, manake mbwa wa kifua kirefu kama hawa tumbo linaweza kuvimba na kujipinda, na likijipinda ni saa chache tu umempoteza.

Kuhasi. Hili watu wa kwetu hawalipendi, waume hasa, wananambia unamharibu mbwa atakua jike hatalinda. Daktari alisubiri wapite miaka miwili, akasema mbwa wakubwa ukiwahi kuwahasi kabla ya mwaka viungo vyao vinaweza kupata taabu, na akaniambia mapema kabisa kwamba hii si dawa ya ugomvi uliokwisha kua mazoea. Alisema kweli. Duma baada ya miezi miwili hivi aliacha kuruka ukuta kufuata koko, anakula hata majike wakiwa mtaani, ametulia. Bosi kwangu mimi sikuona amebadilika kitu kwa mwenzake, labda kidogo. Na kulinda wanalinda wote wawili, waulize waliojaribu ukuta wa nyuma mwaka jana.

Kilichombadilisha Bosi ni kutolewa peke yake. Robo saa asubuhi, robo saa jioni, mimi na yeye tu. Mume wangu alikua anawaamrisha kwa Kiitaliano kama alivyosikia kwa tajiri wake, "seduto" kaa, "vieni" njoo, "basta" acha, bas na mimi nikajifunza hayo matatu. Bosi niliyekua namuita kichwa ngumu, mwezi wa pili alikua anakaa chini getini tuktuk ya samaki inapiga honi, ananiangalia mimi usoni. Hakua mkaidi. Hakuwahi kuambiwa kitu peke yake tangu azaliwe, kila neno aliloambiwa Duma alikua kando.

Na ufuoni. Hii ilichukua karibu mwaka. Mimi na kijana wangu, saa kumi na moja na nusu kabla jua halijatia mchanga moto, kila mtu na mbwa wake, kamba fupi, vifunga mdomo vya kikapu vinavyomwacha apumue, tunashuka Silver Sand. Mwanzo tuliachana kama urefu wa uwanja wa mpira. Hatukuwakabilisha uso kwa uso kamwe, wote wanaelekea upande mmoja, mmoja juu ya mchanga mkavu mmoja chini majini. Kila Duma akimtazama mwenzake alafu akageuza macho kunitazama mimi, namtia dagaa mmoja mkavu kwenye tundu la kifunga mdomo. Akikodoa asigeuke, tunaongeza hatua za kuachana. Kuna asubuhi moja mvua zimenyesha bara, mto Sabaki umeshuka na maji ya bahari yote ni mekundu kama chai ya maziwa, mawimbi yanaleta vijiti, na tukatembea tumeachana hatua kumi tu mpaka kule mwisho na kurudi. Bosi akasimama kunusa gogo, akakojoa. Duma akasubiri. Bosi alipoondoka Duma akaenda akanusa pale pale, akakojoa juu yake, akanitazama akitaka dagaa wake. Kijana wangu akacheka, mimi nilikua nimeshika ile kamba mpaka vidole vimekufa ganzi.

Hatujawaachia pamoja tena, na hatutawaachia. Watu wanashangaa, wanasema mbona ufuoni wanaenda sawa. Ufuoni kuna nafasi, kuna kamba, na hakuna cha kugombea. Nyumbani kuna mlango, kuna maji, kuna mimi.

Ukiniuliza leo nakushauri mmoja. Mlee, mfunze, afike miaka miwili anakusikia ukimuita kwa sauti ya chini, ndio ufikirie wa pili, na wa pili awe jike na umfunge uzazi. Ukisema lazima madume, bas wapishane umri, na ujenge hio waya kabla hujawaleta, si baada. Na ukiona mbwa waliokua wanaelewana wameanza kushikana ghafla, mpeleke kila mmoja apimwe kwanza, kuna anayegomba kwa sababu kiuno kinamuuma au sikio lina usaha na hana mdomo wa kusema.

Kwetu kila mtu ameshazoea. Hakuna anayegusa kitasa cha mlango wa nje kabla ya kuuliza, hata mgeni wa siku mbili anajifunza. Mama mkwe ndiye mkali kuliko wote. Leo alfajiri ameamka kutia udhu, bomba la ndani halitoi, nikamsikia amesimama mlangoni na kandambili zake na birika, anaita kwa sauti mpaka chumbani kwetu:

"Nani yuko mbele?"

"Duma, mama!"

"Na mwenzake?"

"Nyuma, nimefunga mimi mwenyewe, geti zote mbili."

"Haya," akasema, na komeo likalia.